Sauti Kwenye Mstari wa Kati

Mlio nami tangu mwanzo mnajua nilipokwama. Wewe uliyenunua gazeti hili leo ili ufungie maandazi, simama hapa mlangoni nikupe mawili matatu, kisha tuingie wote.

Mimi ni Joleen Harms, binti wa Merle Harms, mfuga nguruwe wa Grettland, Iowa. Majira hayo ya baridi, mwaka 1986, nilikuwa mwaka wa nne Chuo cha Haverly. Katika historia ya chuo kile hapakuwa na msichana wa mpira wa kikapu aliyefunga pointi nyingi kunizidi, isipokuwa mmoja wa zamani. Rekodi yake nilikuwa nimeanza kuinusa.

Sasa elewa jambo moja, maana bila hilo hutaelewa lolote. Kwetu Grettland wasichana tulilelewa na mpira wa kikapu wa aina yake. Timu ina watu sita. Washambuliaji watatu wanakaa nusu moja ya uwanja, walinzi watatu nusu ya pili, na hakuna ruhusa ya kuvuka mstari wa kati. Ukiukanyaga tu, filimbi. Na mpira unaudunda mara mbili, basi, utoe.

Mimi nilikuwa mshambuliaji tangu utotoni. Nilimaliza sekondari bila kuvuka mstari wa kati hata siku moja. Chuoni nikakuta wanacheza watu watano na uwanja wote ni wa kila mtu. Nilifundishwa upya kama mtoto anayeanza kutembea, na nikajifunza.

Juma lililopita niliwaacha ugenini, kwenye ukumbi wa Chuo cha Kesler. Sekunde za mwisho, nimenyang'anya mpira, nakimbia peke yangu kwenda kufunga. Ghafla sauti ya mwanaume ikapaa kutoka jukwaani.

"Mstari!"

Miguu ikasimama. Mimi sikuiambia isimame. Nikaushika mpira kwa mikono miwili, ncha za viatu nyuma ya mstari wa kati, na msichana wa Kesler akauchukua kwangu kama anayepokea chenji dukani. Tulifungwa kwa pointi moja. Jumatatu gazeti likaandika kwamba Joleen Harms alisimama kama ng'ombe aliyeuona waya wa umeme.

Basi, sote tumeingia. Tuendelee.

Neno lile halikunisimamisha kwa bahati. Mtu wa Chicago angelisikia asigeuke. Ni neno la kwetu, na aliyelipiga alijua litapiga wapi. Nani alijua? Hilo ndilo lililoninyima chakula juma zima.

Na kwa nini nijali hivyo, mtauliza. Kwa sababu ya Bwana Bressan. Alikuwa mzee mmoja wa timu ya wanawake ya huko Italia, na alikuwa ameniambia kwenye simu, kwa Kiingereza cha kuokoteza: tuna nafasi moja tu ya mgeni, na wakubwa wangu hawataki mchezaji mzuri, wachezaji wazuri wapo wengi, wanataka jina lenye rekodi. Atakuja kunitazama mechi ya mwisho nyumbani. Nikivunja rekodi, napanda ndege. Nisipoivunja, narudi Grettland kumwaga pumba kwenye mahori ya nguruwe mpaka nizeeke.

Mechi ya mwisho ilikuwa dhidi ya Kesler hao hao. Nilihitaji pointi kumi na tano.

Nilianza na aliye karibu. Kikulacho ki nguoni mwako.

LuAnn Eilers tumezaliwa mtaa mmoja, tumesoma darasa moja, tukaja Haverly kwa basi moja. Chuo kizima, yeye peke yake ndiye wa Grettland ukiniondoa mimi. Na baada ya ile mechi ya Kesler nilimwona kwa macho yangu akikumbatiana na nahodha wao kama ndugu waliopotezana.

Nikamkuta chumba cha kufulia, anakunja soksi.

"LuAnn, umemwambia nani?"

"Nimemwambia nani nini?"

"Mambo ya mstari."

Akakunja soksi nyingine. "Jo, mi nilikuwa uwanjani na wewe. Nitapigaje kelele nikiwa jukwaani, tena kwa sauti ya mwanaume? Au siku hizi nimeota ndevu?"

"Sijasema ulipiga wewe. Nimesema ulimwambia mtu."

"Ili nipate nini?"

"Nikienda Italia unarudi nyumbani peke yako."

Aliacha soksi. Alinitazama kwa muda, na mimi nikamtazama, maana mtu mwenye hatia huwa anaanza kupepesa. Hakupepesa. Nikajiambia kumbe amejiandaa.

"Unajua kazi yangu ilikuwa nini pale sekondari?" akaniuliza. "Nilikuwa mlinzi. Miaka yote ile sijawahi kufunga hata pointi moja, maana nilikuwa upande usio na kikapu chetu. Nanyang'anya mpira, nauleta mpaka mstarini, nakupa wewe, halafu nasimama kama mlingoti nakutazama unapigiwa makofi. Kama nilitaka kukuharibia, nimechelewa sana."

"Ndo maana nakushuku."

"Haya. Nishuku." Akabeba kapu lake la nguo. "Ukimaliza kunishuku mimi, kuna mtu aliyekufundisha kusimama. Kamuulize na yeye."

Mlango ukajifunga nyuma yake, nikabaki na mashine zinazozunguka. Jibu lake lilikuwa zuri. Lilikuwa zuri mno, ndilo tatizo.

Jumapili nikaenda nyumbani. Baada ya ibada, watu wakiwa bado wanakunywa kahawa kwenye chumba cha chini ya kanisa, nikamvuta pembeni Bwana Ruhl, kocha wangu wa sekondari. Siku hizo alikuwa anauza mbegu za mahindi, na mdomo wake ulikuwa umejaa keki.

"Bwana Ruhl, ulikwenda kutazama mechi ya Kesler?"

"Kesler? Na barafu ile barabarani? Mama watoto angenifungia nje."

"Kuna mtu alipiga kelele ya mstari."

Akacheka mpaka makombo yakaruka. "Na ukasimama?"

"Nikasimama. Wewe ndiye uliyetufundisha."

"Mimi?" Kicheko kikakatika. "We Joleen, usinibebeshe mzigo wa wenyewe. Ulikuja kwangu tayari unasimama. Wenzako nilikuwa nawafokea miezi mitatu, wewe mwanangu ulikuwa ukisogea tu mstarini unaganda. Nikasema huyu kafundwa nyumbani."

"Na nani?"

"Muulize aliyepaka chokaa sakafu ya ghala."

Akaenda kuongeza kahawa.

Nilijua hilo siku zote, ndugu msomaji. Kuna mambo mtu anayajua na hayagusi. Baba alipiga mstari wa chokaa katikati ya ghala letu la nyasi nikiwa sijang'oka hata meno ya utoto yote. Alikuwa anasimama na ndoo ya chakula cha nguruwe mkononi, mimi nadunda mara mbili, nasogea, na ncha ya kiatu ikigusa weupe tu anapiga kelele: "Mstari!" Kila jioni ya baridi. Ndivyo alivyonipenda, hakuwa na njia nyingine.

Sasa jiulize mwenyewe. Mtu mwenye neno hilo, mwenye sauti ya mwanaume, na mwenye sababu ya kutotaka niende Italia, ni nani?

Maana sababu alikuwa nayo. Kaka yangu Dale alikimbilia Des Moines kuuza bima, hataki kusikia harufu ya banda. Miaka ile benki zilikuwa zinawachukulia wakulima mashamba, majirani zetu wawili walikuwa wameshanadiwa mpaka vijiko. Baba alikuwa na mgongo mbovu, nguruwe banda zima, na mtoto mmoja tu mwenye mabega.

Nikaketi mezani nikiwa nimefungua macho. Mama alikuwa ameoka nyama, kuna viazi vya kuponda na mahindi ya kopo. Baba akasema sala fupi, akajipakulia.

"Huko Italia," akasema bila kuinua kichwa, "wanafuga nguruwe?"

"Wanafuga, Baba."

"Basi ni safari ndefu ya kufuata nguruwe."

"Siendi kufuga. Naenda kucheza mpira."

"Kwa miaka mingapi?"

"Mpaka nichoke."

"Na ukishachoka?"

Nikaona hapa ndipo. "Baba, Jumamosi ile tulipocheza Kesler, ulikuwa wapi?"

Uma wake haukusimama. "Bandani. Yule jike mwekundu alikuwa anazaa."

"Alizaa Alhamisi," Mama akasema.

Mama akatazama bakuli la viazi kana kwamba ndilo lililosema.

"Au nimechanganya," akaongeza. "Siku hizi nachanganya."

Mama yangu hajawahi kuchanganya siku hata moja katika maisha yake. Anakumbuka tarehe za kuzaliwa za watu waliokufa.

"Alizaa mara mbili?" nikauliza.

"Joleen," akasema Baba, "kula."

Nikala. Kila tonge lilikuwa linakwenda chini kama udongo. Baada ya chakula nikasema nakwenda kuchukua glavu zangu kwenye pikapu, nikatoka. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na mto wa kukalia, wa buluu, wenye picha ya bata bukini wa njano. Ni mto wanaouza mlangoni Chuo cha Kesler, kwa sababu majukwaa yao ni ya chuma na makalio yanaganda. Hauuzwi mahali pengine.

Baba akanikuta nimeushika.

"Huu umetoka wapi?"

"Mgongo unanisumbua."

"Sijauliza kinachokusumbua. Nimeuliza umetoka wapi."

"Nimepewa."

"Na nani?"

"Na watu."

Aliuchukua mkononi mwangu polepole, akaurudisha kwenye kiti, akaupangusa vumbi ambalo halikuwepo. Hakuniangalia. Moyo wangu ukavunjika pale pale kwenye theluji, nawaambia ukweli. Mtu anadanganya kwa sababu ana kitu cha kuficha. Angekuwa amekuja kunitazama kwa wema, angekuja kunisalimia baada ya mechi.

"Jumamosi utakuja?" nikamuuliza.

"Si ndiyo siku ya wazazi? Mama yako ameshapiga pasi shati langu."

Siku ya wazazi, kama hamjui, ndiyo mechi ya mwisho ya nyumbani. Kila mchezaji wa mwaka wa nne anatembea na wazazi wake mpaka katikati ya uwanja, jina linatangazwa, mama anapewa ua, watu wanalia kidogo, kisha filimbi. Hakuna msichana asiyeingoja siku hiyo miaka minne.

Mimi niliingoja kama mtu anayengoja kung'olewa jino.

Jumamosi ikafika. Ukumbi umejaa mpaka ngazi. Grettland nzima ilikuwa imekuja, nusu yao wakiwa na kofia za kampuni ya mbegu. Bwana Bressan nilimtambua mara moja, ndiye peke yake aliyevaa skafu ya hariri. Alikuwa amekaa nyuma ya meza ya watunza muda, miguu imepishana.

Tukapanga foleni. Baba alinishika mkono wa kulia, Mama wa kushoto. Baba alikuwa amekunja uso, anatazama sakafu.

"Unaumwa?" nikamuuliza.

"Taa kali."

Wakatangaza jina langu, makofi yakalipuka, tukatembea. Watu wa Grettland walisimama wote. Mama alianza kulia kabla hata hajapewa ua. Nami ningelia, lakini nilikuwa namtazama Baba kwa pembe ya jicho.

Alininong'oneza wakati mpiga picha anatuelekeza.

"Mama yako atakaa na wazazi wenzake. Mi nitakuwa upande ule." Akanionyesha kwa kidevu jukwaa la wageni, nyuma ya benchi la Kesler.

"Kwa nini ukae na Kesler?"

"Kule naona vizuri."

"Unaona nini vizuri?"

"Usinitafute kwa macho, Joleen. Wewe cheza."

Sasa niambie wewe. Baba gani siku ya wazazi anakaa na maadui na kumwambia mwanawe asimtafute?

Mechi ikaanza. Karibu na kikapu hakuna wa kunizuia, hilo sijisifu, hata Kesler walijua. Nikafunga, nikafunga tena, LuAnn ananiletea mipira mizuri kana kwamba maneno ya chumba cha kufulia hayakusemwa. Lakini mwaka huo kocha wetu, Kocha Pruitt, mtu wa Ohio asiyejua mambo yetu ya watu sita, alikuwa amenipa na kazi ya kuvusha mpira. Nikaunasa mpira chini ya kikapu tulichokuwa tunakilinda, nikageuka, nikaanza kukimbia.

"Mstari!"

Nikaganda. Kesler wakachukua, wakafunga.

Nikageuza macho jukwaa la wageni. Watu wamesimama wanashangilia, sioni sura, naona kofia tu.

Haikupita muda ikatokea mara ya pili, vile vile. Safari hii ukumbi ukaguna, nikasikia mtu wa upande wetu anasema, "Huyu kauza mechi." Ilikuwa sauti ya mtu wa Grettland.

Mapumziko. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo wenzangu wanafunga kamba za viatu ambazo zimeshafungwa. Kocha Pruitt akaja akasimama mbele yangu, ubao wake kwapani.

"Joleen, kaa chini. Umelipwa na nani?"

"Sijalipwa na mtu, Kocha."

"Naomba usinidanganye. Mechi mbili, timu ile ile, sehemu ile ile ya uwanja. Mi mtoto mdogo?"

"Kuna mtu ananipigia kelele."

"Kuna watu elfu wanapiga kelele. Ndo kazi yao."

"Hii ni tofauti."

"Tofauti vipi?"

Ningemweleza vipi? Kwamba mchezaji wake bora ana kamba kwenye miguu, na ncha ya kamba iko mkononi mwa baba yake? Nikainamisha kichwa. Kwa mtu wa Ohio hicho ndicho kichwa cha mwenye hatia.

"Sikiliza," akasema, sauti ya chini ili wengine wasisikie, ingawa wote walisikia. "Ukisimama kwenye mstari ule mara moja tu tena, unakaa benchi mpaka mwisho. Rekodi ibaki kwa mwenyewe. Yule Mwitaliano akiniuliza, nitamwambia ninachofikiri."

Akaenda zake kuchora mishale ubaoni.

Nilikuwa nimebakiza pointi sita.

LuAnn akaja akachuchumaa karibu yangu, anajifanya anarekebisha soksi. Hatukuwa tumezungumza tangu siku ile.

"Nimeisikia," akasema.

"Umeisikia wapi?"

"Upande wa Kesler. Kule kule aliko mzee wako."

"Umemwona akifungua mdomo?"

"Sijamwona. Watu walisimama."

"Lakini ni sauti yake."

"Jo, mi sisemi ni yeye. Nasema imetoka kule."

"Ni yeye. Alikuwa Kesler siku ile, akanidanganya eti nguruwe anazaa. Mto wao uko kwenye gari yake. Hataki niende, LuAnn. Ananirudisha nyumbani kwa neno moja, anajua sina ujanja nalo."

LuAnn akaivuta soksi yake juu. Kisha akasema, "Sasa unataka kufanyaje?"

Pale mlangoni pa ukumbi wetu alikuwa akisimama Otto, mstaafu mmoja mkubwa kama kabati, kazi yake kutoa walevi. Nilimfikiria Otto. Nikamfikiria Baba na shati lake lililopigwa pasi. Nikafikiria ndege, na jina langu kwenye mdomo wa watu nisiowajua, na mahori ya nguruwe yanayoningoja yakiwa na barafu asubuhi. Niwaambie nilichosikia moyoni? Hasira. Hasira ya mtu aliyefungwa kamba akiwa mtoto na akaambiwa ni mapenzi.

"Kamwambie Otto amtoe."

"Jo. Ni baba yako."

"Nimesikia."

"Ni siku ya wazazi. Grettland nzima iko hapo. Watasema nini? Mama yako je?"

"Wamtoe kwa adabu. Waseme kuna simu, waseme gari lake limezuia njia, sijui. Wamtoe."

"Ukikosea?"

"Na nisipokosea?"

LuAnn akainuka. Nilitegemea abishe zaidi kidogo, kusema kweli. Hakubisha. Alikwenda haraka kuliko nilivyotarajia, nami, kwa jinsi nilivyokuwa siku zile, hata hilo nikaliweka akiba kwenye shaka zangu.

Kipindi cha pili kikaanza na mimi macho yote jukwaani. Nikamwona Otto anapanda ngazi za upande wa wageni, na kijana mwenzake wa mlangoni nyuma yake. Wakainama. Mtu mmoja akasimama, mwembamba, shati jeupe, kofia mkononi.

Hakubishana. Laiti angebishana. Aliwatazama, akatazama uwanjani, moja kwa moja mahali nilipokuwa, akanikuta namtazama. Akaelewa. Sijui nilijuaje, lakini alielewa ni nani aliyetuma. Akaanza kushuka ngazi, mkono mmoja kiunoni kwa ajili ya ule mgongo.

Watu wa Grettland walikuwa wamegeuza shingo zote. Nilimsikia mke wa Bwana Ruhl akisema, "Merle kafanya nini?" Kule kwa wazazi, Mama alisimama na ua lake, akamfuata kwa macho mpaka mlangoni. Kisha akageuka akanitazama mimi. Hakuketi tena.

"Harms, cheza mpira," Kocha akafoka.

Nikacheza. Mkitaka kujua kama uzito ulinitoka, ndiyo, ulitoka. Nilifunga moja ya kugeuka, Kesler wawili wakining'inia mabegani. Dakika chache mbele LuAnn akanichomekea pasi chini ya mikono yao, nikafunga nyingine. Mtangazaji akaanza kupandisha sauti: msichana wa Grettland amebakiza kikapu kimoja, kimoja tu. Ukumbi mzima ukasimama. Walioniita msaliti nusu saa nyuma walikuwa wanaliimba jina langu.

Bwana Bressan alikuwa ameshusha mguu. Amesogea mbele, viwiko magotini.

Nikajiambia, unaona? Ulikuwa sahihi. Amekwenda, na sauti imekwenda naye. Uchungu wenyewe wa kuwa sahihi ulikuwa na utamu fulani, sitaficha.

Zikabaki sekunde. Kesler wana mpira, wanatafuta pa kupenya. Nahodha wao akatupa pasi ya uvivu pembeni, LuAnn akaurukia kama alivyozoea tangu sekondari, akaupiga kofi, ukanidondokea mikononi.

Mbele yangu hapakuwa na mtu. Uwanja mtupu na kikapu mwisho wake.

Nikadunda mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Ile ya tatu ndiyo kwetu hairuhusiwi, na nilipoidunda nikahisi kamba imekatika. Mstari wa kati ulikuwa hatua mbili mbele. Nikasikia Mwitaliano anapiga kelele kwa lugha yake. Nikainua mguu.

"Mstari!"

Sauti ile ile. Ya mwanaume, yenye mkwaruzo ule ule, na safari hii ilikuwa karibu zaidi.

Nikasimama, mpira mikononi.

Kocha alikuwa ameshainuka kwenye benchi lake, anamwita msichana wa kuingia badala yangu. Mimi nilikuwa nimegeuza uso kule juu, upande wa Kesler. Baba yangu alikuwa nje kwenye theluji, na koti lake walikuwa wameliacha pale pale alipokuwa amekaa.